Yai la Kwale

Hekaya hii aliisimulia kwanza bibi yetu Zuwena, mwaka wa nzige.

Kifaranga wa Kanga aliugua. Mganga Kenge alipofika alisema, "Yai kwanza."

"Sina, mganga. Nihurumie."

"Huruma hailiwi, mama."

Mbuni, aliyekuwa akiatamia mayai ishirini, alipoombwa moja aligeuza shingo. Jirani Kwale alikuwa nalo moja tu, akalitoa. "Chukua, dada. Langu halijalia bado. Wako analia."

Kenge alilimeza palepale, kisha akachuma jani mlangoni kwa Kanga mwenyewe, akamlisha mtoto. Mtoto akapona.

Jani hilo Kanga na Kwale walikuwa wakiling'oa kila asubuhi kama gugu.

Kenge, Mbuni na Kanga wamekwisha kufa. Kwale yu hai, na kifaranga yule, sasa kanga mzima, humwita mama.