Dau la Palizi

Merina alivua kandambili, akafungua na kitenge cha juu, ndipo akapanda mzani wa mpunga.

“Themanini na nne,” Beno wa mashine akasema. “Ijumaa ulikuwa themanini na mbili, mama. Jana mlisherehekea?”

Jana kulikuwa na ubatizo kwa Mzee Kelestini. Merina alikula sahani mbili za pilau, nyama na soda. Sasa akilini aliiona ekari yake moja ya mpunga kule Mofu, yote majani. Yeye na mdogo wake Aneth waliwekeana dau: atakayepungua kilo chache kuliko mwenzake kufikia Jumatatu ya kabla ya Jumatano ya Majivu, atapalilia mashamba yote mawili peke yake. Hata ekari yake tu magoti yake yasingeiweza.

Aneth akapanda mzani.

“Sabini na moja. Umeshuka kilo nzima.”

“Huo mzani mbovu,” Merina akasema. Jana Aneth huyo huyo alikula sahani tatu, akafunga na maandazi kwenye mtandio.

Beno aliweka juu ya mzani jiwe la kilo ishirini. Mshale ukasimama kwenye ishirini.

“Kubali tu, dada,” Aneth akacheka. “Noa jembe.”

Jirani yao Margareta, muuguzi mstaafu, alimtuliza Merina. “Kilo mbili kwa siku moja siyo mafuta. Ni chumvi na maji, na chakula ambacho bado kimo tumboni. Rudi kwenye utaratibu wako. Sherehe moja haiharibu mwezi. Kinachoharibu ni sherehe kuzaa kiporo, na kiporo kuzaa Jumanne.”

Ikawa hivyo. Ijumaa alikuwa themanini na moja na nusu. Kila baada ya sherehe uzito wake ulipanda, kisha ukashuka chini zaidi ya mwanzo.

Uzito wa Aneth haukupanda hata mara moja. Hilo ndilo lililomkosesha Merina raha. Akaanza kumchunguza. Aligundua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ambayo Aneth aliijaza mara tatu kabla ya adhuhuri. Merina naye akanywa hivyo hivyo wiki nzima. Hakuona tofauti, ila safari za chooni.

Jumatatu ya mwisho Beno alisoma hesabu: Merina amepungua kilo saba, Aneth kumi na moja. Sketi ya Aneth ilishikwa kwa pini mbili.

Mchana Merina alimfuata nyumbani bila kubisha hodi. Alimkuta peke yake, sufuria ya wali mbele yake, kijiko mkononi.

“Leo nataka ukweli. Dawa ya kukonda unanunua wapi?”

“Dawa gani, dada?”

“Usinizungushe, Aneth. Magoti yangu unayajua.”

Aneth aliweka kijiko chini. Hakuweza kumtazama dada yake usoni.

“Basi nisamehe. Palizi nitafanya mimi, yako na yangu. Kujinyima sikuwahi kuanza, hata siku moja. Nakula kuliko zamani, mpaka usiku njaa inaniamsha. Nilidhani Beno ananipendelea kwenye mzani, nikanyamaza.”

Merina alitazama chupa ya maji kando ya sufuria, kisha zile pini mbili za sketi, akatoka mbio kumwita Margareta.