Gololi ya Inchi Mbili

Wangila alichukua tonge la ugali baridi, akalibandika ndani ya kikombe cha trela, kisha akakishusha kikombe juu ya gololi ya chuma ya kuvutia trela, iliyofungwa nyuma ya gari la Bwana Upesi, mzungu mwenye shamba. Akakiinua tena, akachungulia. Ugali ulikuwa bado mnene kama kidole.

"Gololi ni ndogo," akasema. "Kikombe ni cha inchi mbili. Hii inacheza ndani."

Wanyonyi, nyapara wa shamba, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Jameni, oneni fundi! Wenzake wanapima kwa rula, yeye anapima kwa chakula cha mchana. Kesho atapima injini kwa mboga ya mrenda!"

Hakuna aliyecheka naye. Mwezi uliopita, gololi hiyohiyo ilichomoka kikombeni kwenye mlima wa kutoka Sugoi. Trela likarudi kinyumenyume, likapinduka mtaroni na magunia yote ya ngano. Juu ya magunia alikuwa ameketi Walubengo, mdogo wake Wangila. Bwana Upesi alishuka, akakimbia hadi mtaroni, akauliza ni magunia mangapi yamepasuka.

Gololi aliichagua Bwana mwenyewe dukani Eldoret, kwa kuipima na jicho. Lakini Wanyonyi aliapa kwamba fundi ndiye hakufunga komeo la kikombe. Wangila akalazwa chini, akala viboko kumi na viwili, na aliyekishika kiboko ni Wanyonyi. Mazishi ya ndugu yake aliyahudhuria amesimama tangu mwanzo hadi mwisho. Watu walidhani ni heshima. Kukaa kulimshinda.

Leo kulikuwa na mahindi ya kupeleka Tambach, kwenye kambi ya wachimba barabara. Bwana Upesi alikuja na saa mkononi.

"Wewe nasikia, Wangila? Kule Tambach barabara nashuka kama ukuta. Kama trela naacha mimi tena, wewe napata kiboko ishirini na nne. Halafu wewe na bibi yako na watoto natoka shamba yangu leo leo. Upesi!"

"Ndiyo, Bwana. Naomba gololi ingine. Iko moja kwa zile vyuma kuukuu vya jeshi, kule stoo."

"Chukua. Upesi!"

Basi fundi akafanya kazi. Alitoa gololi ya jeshi, akaisugua kutu, akaijaribu. Safari hii ugali ulibaki mwembamba kama karatasi. Akaipitisha kwenye tundu la bamba la chuma nyuma ya gari, akatia washa, kile kipete cha springi, akatia nati, akaining'inia spana kwa uzito wake wote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akatia pini, nati isije ikalegea. Akashusha kikombe, akafunga komeo, akalikaza kwa waya. Chini yake akapitisha minyororo miwili, akaipishanisha, akaifunga kwenye gari.

Kisha akaweka jeki chini ya mkono wa trela, akapiga. Mkono ukainuka, na matako ya gari yakainuka nao.

"Umeona, Bwana? Sasa ni kitu moja."

"Na hii minyororo ya nini?"

"Hata gololi ikikatika, trela haiwezi kukuacha, Bwana. Popote itaenda, mtaenda pamoja."

Bwana akakipiga kikombe mateke matatu. Hakikutikisika. Akamgeukia Wanyonyi, amefurahi kama aliyezaliwa upya. "Ona! Kiboko nafundisha mtu kazi."

Wakati wanaume wanapakia magunia, Wangila alikuwa bado chini ya trela na spana yake, akihama kutoka gurudumu moja hadi lingine.

"Fundi, umelala ama unaomba?" Wanyonyi akauliza.

"Naangalia tu, nyapara."

Alipomaliza alirudishia vifuniko vya bati vya magurudumu, akavipangusa kwa shati lake hadi vikang'aa. Bwana alipenda vitu vinavyong'aa.

Hapo akatokea Chelimo, mpishi wa nyumba kubwa, amefunga kitambaa kichwani na kifurushi begani. Mama yake alikuwa mgonjwa Iten, na Bwana alikuwa amemruhusu apande. Akaparamia magunia, akaketi juu.

"Chelimo, shuka," Wangila akasema.

"Bwana amekubali."

"Nimesema shuka. Trela si ya watu."

"Wangila, nimeletewa habari mama hawezi hata kumeza uji! Najua ulipoteza ndugu. Lakini leo umefunga vizuri, kila mtu ameona!"

Wangila akamshika mguu, akamvuta. Chelimo akaanguka vumbini na kifurushi chake. Ndizi alizombebea mama yake zikatawanyika.

Wanyonyi alikuwa ameshaketi mbele karibu na Bwana, mkono nje dirishani kama mzungu mdogo. "Muache, mama! Huyo tangu kiboko ni mwoga. Hata kivuli chake anakipima na ugali!"

"Upesi!" akasema Bwana, na gari likaondoka. Trela lilifuata kwa utulivu, bila kugongagonga, bila kuyumba, kama mtoto aliyeshikwa mkono.

Chelimo aliokota ndizi zake huku analia. Kutembea hadi Iten kungemchukua siku nzima, na huenda mama asingengoja. "Una roho mbaya, Wangila," akasema. "Mungu anakuona. Roho mbaya kabisa."

Wangila alilitazama gari mpaka likapotea nyuma ya miti ya miwati kwenye barabara ya Iten. Ndipo akatoa mkono mfukoni, akaufungua: nati nane za magurudumu ya trela.

Mbili alizozibakisha, moja kwa kila gurudumu, alikuwa amezikaza kwa vidole tu, za kuwafikisha mteremkoni.