Mizigo Mine ya Kabonga

"Kapiteni alikata kamba saa kumi na moja na dakika saba."

Chanceline alikuwa amesema hii maneno labda mara arobaini. Aliisema akioga, akichambua samaki ndogo za ndagala, hata kanisani, midomo inacheza bila sauti. Leo aliisema amesimama mbele ya meza, mu depo ya mawese ya Mama Hadjara hapa Rumonge, na tiketi ya kwenda Ulaya ilibaki moja tu.

Fakilte ya sheria ya Bujumbura ilikuwa inatuma timu Ulaya, kwa mashindano ya wanafunzi. Munajua vile inaendaga: munapewa kesi ya biashara ya kubuni, kampuni mbili zimegombana, na munaitetea mbele ya arbitre watatu, ni kusema waamuzi. Leo uko upande wa mudai, kesho upande wa mudaiwa. Mwenye hajui pande zote mbili, haendi.

Barabara ya Bujumbura ilikuwa imefungwa tangu kabla ya Noeli. Kaka yake Chanceline aliuawa kwenye ile barabara. Hata siku hiyo bunduki zilikuwa zinalia mulimani tangu asubui. Kwake hiyo tiketi haikuwa mashindano. Ilikuwa mulango wa kutokea.

Maître Lukeba, avocat, ni kusema wakili, mwenye aliwafundisha bure tangu Novemba, aliketi peke yake pahali pa arbitre watatu. Alifika Rumonge miaka mine nyuma, kwa boti, akitoka Kabonga. Muzee mupole. Ila hakuwa anapana mukono. Alisalimia kwa kichwa tu, amahoro, amahoro, mikono iko mu mifuko. Watu walisema ni majivuno ya avocat.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Kapiteni aliahidi kupakia mizigo mine kando ya ziwa, pale Kabonga: mumoja mukubwa, mitatu midogo. Vita ikaingia. Mawimbi yakavuta boti, kapiteni akashikilia kamba mpaka ikamuunguza viganja, halafu akaikata, akaenda bila mizigo. Je, alivunja mukataba?

"Mizigo ya nini?" Jafari, mwanafunzi mwenzake Chanceline, aliuliza siku ya kwanza. "Kesi gani hii haisemi ndani iko nini?"

Maître alimujibu kwamba arbitre hafungui mizigo ya watu, anasoma mukataba.

Sasa Chanceline alikuwa anaeleza force majeure, ile nguvu yenye kupita mutu. Hakuna sheria, akasema, yenye kumulazimisha mutu afe juu ya mizigo.

Maître akamukatiza. "Kutoka kwenye michikichi mpaka majini ni mita mia mbili. Mupakizi mwenye kubeba ule mudogo kabisa, anamaliza kwa dakika ngapi?"

"Dakika mbili, Maître. Tatu, juu ya muchanga."

"Na risasi?"

"Zilikuwa zimekwisha kufika majini. Angengoja, boti na kapiteni vingepotea pamoja. Hakuna kitu angeokoa."

"Hakuna kitu," Maître akarudilia, pole pole, kama mutu mwenye kuonja chumvi.

Ikafika zamu ya Jafari kumushitaki kapiteni. Huyu mutoto wa fundi cherehani wa sokoni, siku ile alikuwa moto kweli. Akasema kapiteni aliiona mizigo inakuja, aliitazama kwa macho yake mawili. Akasema kisu kilikuwa tayari mukononi kabla ya risasi ya kwanza. Ule haukuwa nguvu yenye kupita mutu, ulikuwa woga. Nyuma yao Mama Hadjara, mwenye alikuwa anapima mawese, akaacha kupima. Maître alikuwa anatazama meza.

Wakabadilishana pande. Jafari akamutetea kapiteni vizuri tu. Chanceline, kumushitaki, akashindwa kabisa. Akakwama, akaomba maji, akaketi.

Maître akaandika jina moja kwenye karatasi. Chanceline.

Jafari akacheka, ile cheko ya hasira. "Huyu? Atafika Ulaya aanze kutafuta ndagala mu sahani. Maître, sheria ya mashindano inataka pande zote mbili. Yeye anajua kutetea tu."

"Kutetea kunatosha."

"Nionyeshe pahali iliandikwa."

Jafari akanyoosha mukono, akavuta fardi ya Maître, lile jalada la karatasi, pale mezani kabla muzee hajamuzuia. Ndani mulikuwa barua ya fakilte, yenye ilifika kwa boti mwezi wa kwanza, na karatasi za mashindano zimepigwa muhuri. Jafari akaanza kusoma kwa sauti, mbio mbio. Halafu pole pole.

Kesi ya mwaka huo ilikuwa juu ya mashine za kukaanga kahawa, zenye zilifika kwa munuzi zimeshika kutu. Hakuna boti. Hakuna kapiteni. Hakuna Kabonga. Na siku ya mwisho ya kutuma majina ilikuwa tarehe kumi Februari.

Sasa ilikuwa Aprili.

Chanceline akachukua ile karatasi, akatazama tarehe mpaka herufi zikachanganyika. Mulimani bunduki ikalia tena, karibu kidogo kuliko asubui.

"Ulinifungia mulango, Maître," akasema. "Juu ya nini?"

Muzee akaweka mikono juu ya meza, na kwa mara ya kwanza akaifungua mbele yao. Kovu nene ya kamba ilipita katikati ya kila kiganja.

"Ule mudogo kabisa," akasema, "alikuwa mutoto wangu wa mwisho, jina lake Bora. Rudilia, mutoto wangu. Ile ya dakika mbili, kwamba hakuna kitu kapiteni angeokoa."