Babu wa Ukutani

Siku ilipoletwa barua ya posa ya binti yangu Raya, mshenga hakunikabidhi mimi wala mume wangu. Aliielekeza kwenye ukuta wa sebuleni. Ndiyo sheria ya mji wetu: katika nyumba zote za tajiri Fakihi, yeye ndiye babu, na babu ndiye mwenye neno la kwanza. Amekufa miaka arobaini sasa, lakini sauti yake imo katika kila ukuta, na kampuni yake bado inajenga kwa amri yake.

"Karibuni, karibuni," ukuta ukasema. "Mama Raya, pilau ya leo umeipatia. Juzi ulizidisha hiliki."

Wageni wakacheka. Nami nikacheka, maana kweli nilizidisha.

Babu akaisoma barua, akamtania mshenga kwa kitambi chake, kisha akakubali. Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

"Na watakaa wapi?" akauliza.

"Ng'ambo ya mto," Raya akamwahi mshenga. "Tumepata kiwanja, tutajenga wenyewe."

"Mhangaike kwa nini, mjukuu wangu? Ng'ambo nimeshajenga. Nimewawekea nyumba ya ghorofani, yenye upepo."

Tukapiga makofi. Nyumba ya bure, tena yenye upepo.

"Babu," Raya akasema, "hakuna nyumba ambayo wewe humo?"

Tulicheka sote, na ukuta ukacheka kutushinda. Nilipomaliza kujifuta machozi ndipo nilipoona kwamba Raya bado anasubiri jibu.