Julai Isiyo na Baridi

Julai ile, badala ya sakitu kuunguza majani alfajiri, mji wa mlimani ulinyeshewa mvua ya vuguvugu. Mchana mmoja Mama Ambwene alimvua mjukuu wake mchanga sweta lililolowa jasho, akaona kipele chekundu shavuni. Kisha akasikia mlio mwembamba sikioni, mlio aliouacha kwao ziwani miaka arobaini iliyopita.

"Sekela, mwanangu, leta chandarua!"

"Chandarua, mama?" mkwewe alishangaa. "Huku nani anacho?"

Mama Ambwene alikimbilia pipa la maji ya mvua, akalifunua. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikicheza. Akalipindua kwa mikono miwili. Alipoinua macho, aliona paa za mji mzima zikishuka bondeni, na chini ya kila paa, pipa limejaa.