Jogoo wa Ushahidi

Yotamu alionja kwanza. Alipiga funda la ulanzi, pombe ya mianzi, kutoka kwenye dumu mbele ya ukoo mzima, kama afanyavyo yeyote anayempa mwenzake kinywaji, kisha akafuta midomo.

"Kashameza kinga huyo," alisema Liberatus, kaka yake.

Sasa mtu wa namna hiyo utamfanyaje? Mwaka mzima Liberatus analia tumbo, anasema mdogo wake anamtilia sumu kwenye ulanzi. Hospitali wakampima, wakamwambia ana vidonda vya tumbo. Akasema daktari kahongwa. Yotamu akaacha kumpelekea ulanzi. Liberatus akasema mnaona, anaficha ushahidi. Leo ukoo ulikuwa umekaa hapa Kihesa kuamua kama Yotamu ahame, aiache nyumba na mianzi aliyoipanda mwenyewe. Ilimuuma kuliko anavyoweza kusema.

Paskalina, binti wa Liberatus, anayefanya kazi maabara, aliomba jambo moja.

"Tuujaribu ulanzi kwa jogoo. Akifa, baba mdogo ahame. Akipona, baba, utaamini?"

"Nitaamini. Ila kwa kikombe changu."

Liberatus akaingia mwenyewe stoo ya dawa za nyanya, akatoka na kikombe cha bati. Paskalina naye akachukua dumu la Yotamu, akapita nalo jikoni, akarudi na dumu. Akamimina ulanzi kikombeni, akalowekea pumba humo, akamtupia jogoo.

Jogoo alikula kwa uroho. Akayumba, akapigapiga mbawa, akalala moja kwa moja.

"Mchawi!" Ua mzima ulilipuka. Yotamu alimtazama jogoo, na kwa mara ya kwanza akajiogopa. Labda ni yeye kweli.

"Subirini!" Paskalina alipaza sauti. Alikimbilia jikoni, akatoka na dumu la pili. "Ulanzi wa baba mdogo ni huu hapa. Huo aliopewa jogoo nimeununua sokoni Mlandege asubuhi, nikaunywa, na mimi mzima."

Akainua dumu la Yotamu, akanywa mpaka ulanzi ukamchuruzika kidevuni.

Macho yote yalikwenda kwenye kikombe, kisha kwa Liberatus, aliyekuwa akitazama viatu vyake. Yotamu alishusha pumzi, machozi ya furaha yakimlenga.

Shangazi Faustina, dada yao mkubwa, mwenye neno la mwisho katika ukoo, alikohoa.

"Kumbe huyu ana watu wake hata huko Mlandege," alisema taratibu. "Yotamu, funga virago."