Dirisha la Stoo

Mtu alikuwa ameukokota mti wa Roswitha Hägele kutoka dirishani na kuusukumia nyuma ya tangi la mafuta, gizani, kama fagio bovu.

Roswitha alisimama katikati ya stoo ya chini na jagi la maji vuguvugu mkononi, hasira ikimpanda kuanzia kwenye soksi. Pale dirishani, na stoo nzima ina dirisha moja tu, lilikaa pipa la Bwana Pfleiderer wa ghorofa ya pili. Ndani ya pipa, mtarumbeta wake: mrefu, mkavu, hauna hata jani.

Mitarumbeta, ile miti ya vyungu yenye maua yanayoning'inia kama tarumbeta, haiwezi baridi ya Reutlingen, huku Ujerumani. Vuli inateremshwa stoo, inapukutisha majani, inalala. Machi ikiingia inaamshwa polepole, mwanga kidogo, maji vuguvugu kidogo. Na katika nyumba ile dirisha lilikuwa na zamu, sawa na zamu ya kufagia ngazi. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Hägele, na hakuna asiyejua.

Alipanda ngazi mbilimbili.

“Bwana Pfleiderer, wewe macho unayo?”

“Ninayo, Bi Hägele. Karibu, nafunga sanduku.”

“Siingii. Nani kakwambia dirisha ni lako?”

“Wangu unaumwa, jirani. Wako mzima, unaweza kungoja. Kesho naenda kwenye chemchemi za maji moto kutibu huu mgongo. Nikirudi nautoa.”

“Ukirudi? Ronja anaolewa Juni.”

“Juni mbali.”

“Mbali kwako. Mti ukichelewa kuamka, unachelewa kuchanua. Nataka maua siku ya harusi. Kama ni majani tu, si bora nimpambe mwanangu na kabichi?”

Mzee akajikuna shingo. “Nitakulipa fadhila. Unanijua.”

Alimjua, ndiyo. Ukimpokelea kifurushi asubuhi, mchana anakugongea na chupa ya jemu. Ukimsifia mbwa wake, unakuta theluji ya mlangoni kwako imeshafagiliwa. Siku ile hata hilo lilimuudhi.

“Jemu yako kaa nayo,” akasema, akashuka.

Eugen, mumewe, ndiye aliyeuotesha mti ule kutoka kwenye kitawi, wiki aliyozaliwa Ronja. Sasa Eugen hayupo. Na Ronja ameshasema: hashikwi mkono na mjomba wala na nani kuingia kanisani. Mti wa baba utasimama mlangoni, umechanua, na yeye atapita chini yake. Halafu mtu anakuja anasema Juni mbali.

Kesho yake teksi ilipoondoka na Pfleiderer, Roswitha alikuwa ameshafika stoo na mkasi mkubwa wa matawi.

Mtu wa miti, kabla hajakata, hukwaruza ganda kwa ukucha. Ukiona kijani, pana uhai. Ukiona kahawia, pamekufa. Roswitha hajawahi kukata bila kukwaruza. Siku ile hakukwaruza kitu.

Mtarumbeta hutoa maua juu ya panda tu, pale shina linapogawanyika kama manati. Ukikata chini ya panda, umekata na maua ya kiangazi chote. Hilo Roswitha alilijua kama anavyojua jina lake, na ndiyo maana akakata hapohapo. Chini ya panda, usawa wa goti.

“Haya,” akaliambia lile gutu. “Na wewe ngoja.”

Kisha akalisukumia nyuma ya tangi, akaurudisha wa Eugen dirishani, akatundika mkasi ukutani.

Mti ukaamka. Kwanza ganda likang'aa, halafu vifundo vikavimba, halafu juu ya panda vikachomoza vijani kama masikio ya panya. Roswitha aliushukia kila siku na jagi lake. Hasira yenyewe haikupoa. Alikuwa ameshapanga maneno ya kumpa Pfleiderer, kwa mpangilio, la zamu kwanza, la Eugen mwisho, na aliyafanyia mazoezi akimenya viazi. Alitaka ugomvi. Aliungoja kama mgeni.

Jumamosi moja akasikia sanduku likibururwa kwenye ngazi. Halafu hatua za mzee zikashuka stoo. Zikakaa huko. Zikakaa sana.

Roswitha akasimama nyuma ya mlango wake, mikono kifuani. Kengele ikalia.

Pfleiderer alikuwa na keki ya plamu, na macho mekundu.

“Bi Hägele, usikatae. Najua ni wewe.”

“Ni mimi. Na nitakwambia kwa nini.”

“Najua kwa nini. Juu kote kulikuwa kumeoza, na kuoza kunateremka. Nilikuwa naona, lakini mti ulikuwa wa marehemu Annegret. Nikishika mkasi, mkono unakataa. Wewe umekata palepale uhai ulipoanzia. Mti umetoa machipukizi, jirani, manene kama dole gumba.”

“Zamu ya dirisha...” Roswitha akaanza.

“Nimekaa huko chini nalia kama mtoto,” mzee akaendelea. “Halafu nikauona na wako, mrefu, unahangaika na vijani viwili vitatu huko juu. Nikasema, maskini, wa jirani kaweza kuukata, wa Eugen kashindwa.”

Akampa keki kwa mikono miwili.

“Nimekukatia. Chini ya panda, usawa wa goti, vilevile ulivyonifanyia mimi.”